Tumbo Likiharibika Ukiwa Safarini Nchi za Nje: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kama unaumwa sasa hivi, ruka sehemu ya kwanza uanze na Saa 24 za kwanza. Kama mgonjwa ni mtoto mdogo, mjamzito au mtu mwenye kisukari, soma pia sehemu ya Wanaohitaji uangalizi zaidi kabla ya kumpa dawa yoyote.

## Kinachotokea tumboni

Sumu ya chakula na ugonjwa wa kuhara wa wasafiri ni kitu kimoja?

Si kitu kimoja, ingawa dalili zinafanana. Katika sumu ya chakula halisi, bakteria walishazaliana na kutoa sumu ndani ya chakula kabla hujakila. Mfano ni wali au nyama iliyopikwa ikaachwa kwa saa nyingi bila kuwekwa kwenye baridi. Kutapika huanza haraka na kwa nguvu, na mara nyingi huisha ndani ya siku moja. Kupasha moto tena hakusaidii sana, kwa sababu baadhi ya sumu hizo hazivunjwi na joto la jikoni.

Ugonjwa wa kuhara wa wasafiri, kwa sehemu kubwa, ni maambukizi: vijidudu vinaingia na chakula, maji au mikono, kisha vinazaliana ndani ya utumbo. Wahusika wakuu ni bakteria, hasa aina fulani za E. koli, kampilobakta, salmonela na shigela. Virusi vya noro hufuata, na mwisho vimelea kama giadia na amiba.

Ni mlo gani ulioniletea?

Mara nyingi si ule wa mwisho, na wengi huulaumu mlo usio na hatia. Sumu ya bakteria aitwaye stafilokoka huanza kuuma kati ya dakika 30 na saa 8. Virusi vya noro huchukua saa 12 hadi 48. Salmonela huanza kati ya saa 6 na siku 6, kampilobakta siku 2 hadi 5, na giadia wiki 1 au 2, wakati mwingine zaidi. Kwa hiyo ukianza kutapika saa tatu baada ya chakula cha mchana, kishuku chakula hicho. Ukianza kuhara na homa asubuhi, rudi nyuma siku mbili tatu.

Muda huu humsaidia sana daktari, hivyo uandike: umekula nini, wapi, na dalili zilianza saa ngapi.

Huchukua siku ngapi kupona?

Maambukizi ya virusi huchukua siku 2 au 3. Ya bakteria, bila dawa, siku 3 hadi 7. Vimelea vinaweza kukaa wiki au miezi visipotibiwa. Watu wazima wengi wenye afya hupona wenyewe.

Mbona wenyeji wanakula chakula hichohicho na hawaumwi?

Wengi wao waliumwa utotoni, na miili yao imejenga kinga dhidi ya aina za bakteria za mahali hapo. Kinga hiyo hufifia mtu akihama, na ndiyo maana anayerudi alikozaliwa baada ya miaka mingi huumwa kama mgeni mwingine yeyote. Wageni wa aina hii wanastahili tahadhari zaidi, kwa sababu ndio wanaojiamini.

## Saa 24 za kwanza

Nianze na nini?

Anza na maji na chumvi. Kuhara kwenyewe ni mwili unaojisafisha. Kinachoua ni maji na chumvi zinazotoka bila kurudishwa. Kila unachofanya siku ya kwanza kinapaswa kulenga hapo, na dawa nyingine zote zinakuja nyuma.

Changanya ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji (tazama swali linalofuata), kaa karibu na choo, pima joto la mwili, na angalia rangi ya mkojo. Mkojo wa njano hafifu unaonyesha uko salama. Mkojo mweusi na mchache, au kizunguzungu unaposimama, ni ishara kwamba umechelewa na unahitaji kuongeza kunywa mara moja. Kama uko peke yako, mjulishe mtu: mwenzako wa safari, mapokezi ya hoteli au ndugu kwa simu, na mkubaliane saa ya kukujulia hali.

ORS ichanganywe vipi, na ninywe kiasi gani?

Soma pakiti kwanza. Nyingine ni za lita 1, nyingine za mililita 500, 250 au 200, na kosa linalotokea sana ni kumimina pakiti ya lita nzima ndani ya glasi moja. Mchanganyiko huo mkali huwa na chumvi nyingi kupita kiasi na unaweza kumdhuru mtoto. Usigawe unga wa pakiti nusu kwa nusu kwa makadirio. Changanya yote kwa maji yaliyoandikwa. Tumia maji salama, usiongeze sukari, usichemshe baada ya kuchanganya, na mwaga kilichobaki baada ya saa 24.

Viwango baada ya kila choo cha majimaji:

- Mtoto chini ya miaka 2: mililita 50 hadi 100
- Mtoto wa miaka 2 hadi 10: mililita 100 hadi 200
- Mkubwa zaidi ya hapo: kadiri anavyoweza, angalau glasi nzima

Hayo ni nyongeza ya maji ya kawaida ya siku. ORS haipunguzi kuhara, na watu wengi huiacha kwa kudhani imeshindwa. Kazi yake ni tofauti: ukuta wa utumbo hufyonza sukari na chumvi kwa pamoja kupitia mlango mmoja, na maji hufuata nyuma yake. Mlango huo hubaki wazi hata utumbo unapokuwa mgonjwa. Ndiyo maana maji matupu hayafikii nguvu ya ORS.

Sina ORS na maduka yamefungwa. Nifanyeje?

Chukua lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko viwe vimesawazishwa kwa kisu, visiwe na kilima. Koroga hadi viyeyuke kabisa, kisha onja: yasizidi chumvi ya machozi. Yakizidi, mwaga uanze upya. Sukari ikizidi huvuta maji kuyaingiza utumboni na kuzidisha kuhara. Chumvi ikizidi ni hatari kwa watoto.

Mchanganyiko huu hauna potasiamu, hivyo ndizi mbivu pembeni husaidia. Ukipata pakiti, hamia kwenye pakiti.

Natapika kila ninachokunywa.

Pumzika dakika 10, halafu anza upya na kijiko kimoja cha chai kila dakika 1 au 2. Inachosha, lakini kijiko kimoja kila dakika ni mililita 300 kwa saa, na hiyo inatosha kumvusha mtu mzima usiku. Glasi nzima kwa mkupuo hutanua tumbo lililokasirika na kurudi yote. Maji ya ubaridi kiasi hukaa vizuri kuliko ya uvuguvugu.

Kama hata vijiko havikai kwa saa kadhaa, au mkojo umekatika, unahitaji maji ya mshipa. Tazama *Niende hospitali lini?*

Soda, juisi au vinywaji vya wanamichezo vinafaa?

Si badala ya ORS. Vina sukari nyingi na chumvi kidogo, kinyume cha kinachotakiwa. Mtu mzima anayehara kidogo anaweza kunywa juisi iliyozimuliwa na maji nusu kwa nusu huku akila kitu chenye chumvi. Mtoto asipewe soda. Pombe iachwe kabisa, na kahawa ipunguzwe.

Nile au nifunge?

Kula mara tu hamu inaporudi, hata kidogo kidogo. Utumbo hujijenga upya kwa chakula, na kufunga siku mbili huchelewesha kupona. Wali, viazi, mkate, ndizi, supu yenye chumvi na yai lililoiva ni mwanzo mzuri. Mafuta mengi, pilipili na maziwa visubiri siku chache. Maziwa hasa, kwa kuwa utumbo uliojeruhiwa hupoteza kwa muda uwezo wa kumeng'enya sukari yake. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya, tena mara nyingi zaidi.

## Dawa

Naweza kumeza loperamidi, dawa ya kuzuia kuhara, ili nipande basi kesho?

Mtu mzima asiye na homa wala damu kwenye choo anaweza. Miligramu 4 kwanza (kwa kawaida vidonge 2), kisha miligramu 2 baada ya kila choo cha majimaji, bila kuzidi miligramu 8 kwa siku kama hujaandikiwa na daktari. Ikipita siku 2 bila nafuu, acha. Dozi kubwa kupita kiasi huvuruga mapigo ya moyo.

Loperamidi hupunguza mwendo wa utumbo na haiui kijidudu chochote. Kama bakteria wameshaingia kwenye ukuta wa utumbo, dalili zikiwa damu, ute au homa kali, kuufunga utumbo ni kuwafungia adui ndani pamoja na sumu yao. Hapo usiiguse. Watoto wadogo wasipewe.

Je, nahitaji antibayotiki?

Kwa kuhara kwa kawaida ambako unaweza kuendelea na shughuli, hapana. Haifanyi kazi kwa virusi, huua bakteria wema, na huacha utumbo wazi kwa bakteria sugu ambao utarudi nao nyumbani. Kwa ugonjwa mkali, wenye damu, homa au unaokulaza kitandani, ndiyo, na hufupisha ugonjwa kwa siku moja hadi mbili.

Azithromaisini ndiyo chaguo la kwanza kwa ugonjwa mkali: gramu 1 mara moja, au miligramu 500 kwa siku hadi siku 3. Dozi ya mkupuo huweza kuleta kichefuchefu. Siprofloksasini ilitegemewa zamani, lakini usugu umeenea, hasa wa kampilobakta huko Asia ya Kusini-Mashariki, na inaweza kuumiza kano za misuli. Jambo bora ni kuongea na daktari kabla ya safari, uandikiwe dozi ya akiba na uelezwe lini uitumie.

Tahadhari moja: mtoto anayehara damu bila homa asianzishiwe antibayotiki kwa kubahatisha. Aina moja ya E. koli hutoa sumu inayoharibu figo, na dawa hizo zinaweza kuongeza madhara.

Na metronidazoli? Wengi huinunua tumbo likiuma tu.

Inatibu amiba na giadia. Haitibu E. koli, kampilobakta, salmonela wala virusi, ambao ndio wengi wa wahusika. Anayeimeza siku ya kwanza na kupona siku ya tatu angepona hivyohivyo bila dawa, na tunaomba hili lieleweke, maana imani hiyo inachelewesha ORS. Ina nafasi yake pale kipimo cha choo kinapoonyesha kimelea, au kuhara kunapopita wiki mbili. Isichanganywe na pombe.

Dawa za bismuthi?

Husaidia kidogo kwa mtu mzima. Ulimi na choo huwa vyeusi na si hatari. Wajawazito, watoto na wenye mzio wa aspirini waziache.

## Daktari, hospitali na bima

Niende hospitali lini?

Nenda leo, usisubiri kesho, ukiona mojawapo ya haya:

- damu kwenye choo, au choo cheusi kama lami wakati hujameza bismuthi wala vidonge vya madini ya chuma
- homa ya nyuzi 39 au zaidi
- hakuna mkojo kwa saa 8, kuchanganyikiwa, au kushindwa kusimama
- choo cheupe kama maji ya kuoshea mchele, kinachomwagika bila kukoma. Kipindupindu kinaweza kumwondoa mtu mzima ndani ya saa chache
- maumivu yasiyoachia, hasa yaliyoanza kitovuni na kuhamia chini kulia, ambayo yanaweza kuwa kidole tumbo
- kutapika kusikoruhusu hata vijiko vya ORS kukaa

Bila dalili hizo, mtu mzima anaweza kusubiri siku 3 akiona nafuu.

Ninahara na nina homa, na nimepita eneo lenye malaria.

Pima malaria siku hiyohiyo. Malaria huweza kuanza na kuhara na kutapika, hasa kwa watoto, na daktari wa nchi isiyo na malaria anaweza kutoiwaza kabisa. Sema wazi: nimetoka eneo lenye malaria, naomba kipimo cha damu. Kama kipimo cha kwanza hakionyeshi kitu na homa inaendelea, kirudiwe baada ya saa 12 hadi 24. Kumeza vidonge vya kinga hakuondoi haja ya kupima, hasa kama umekuwa ukivitapika.

Hatuelewani lugha na daktari.

Andika kwa tarakimu, maana tarakimu zinasomeka karibu kila mahali: joto la mwili, idadi ya vyoo kwa saa 24, mara ulizotapika, tarehe na saa dalili zilipoanza. Onyesha maboksi ya dawa ulizomeza, usitaje majina kwa kukumbuka. Picha ya choo chenye damu kwenye simu inasema zaidi ya mkalimani. Mzio wa dawa uandikwe kwa lugha ya nchi hiyo kabla hujaondoka nyumbani.

Bima ya safari inafanyaje kazi hapa?

Piga namba ya dharura ya bima kabla ya kulazwa ikiwezekana, kwa kuwa nyingi hukataa kulipa au hupunguza malipo kama hazikuarifiwa. Omba risiti zenye jina lako, ripoti ya daktari na majibu ya maabara kabla ya kuondoka hospitalini. Kuvifuatilia ukiwa nchi nyingine ni kazi ngumu.

## Wanaohitaji uangalizi zaidi

Mtoto wangu anahara. Tofauti ni nini?

Tofauti ni mwendo. Mtoto mchanga anaweza kufika hatarini ndani ya nusu siku. Macho yaliyozama, kulia bila machozi, mdomo mkavu, nepi kavu kwa saa 6, utosi uliobonyea au ngozi ya tumbo inayorudi polepole ukiifinya: yoyote kati ya hizo ni safari ya hospitali. Mwenye umri chini ya miezi 6 apelekwe hata kabla ya dalili hizo.

Mpe ORS kwa kijiko au sindano isiyo na ncha, kwa viwango vilivyotajwa juu. Madini ya zinki hupunguza ukali na marudio: miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, au miligramu 10 kwa walio chini ya miezi 6. Baada ya kuhara damu, mwangalie kwa wiki mbili: akipauka, akichoka na mkojo ukipungua, figo zikaguliwe haraka.

Mimi ni mjamzito.

Maji ni muhimu maradufu, na homa isipuuzwe. Listeria, bakteria inayopatikana kwenye maziwa yasiyochemshwa na nyama baridi zilizokatwa, inaweza kumfikia mtoto hata kama wewe unajisikia mafua tu. Macho yakiwa ya njano nenda hospitali mara moja, kwa kuwa homa ya ini aina ya E ni hatari sana katika miezi mitatu ya mwisho.

Nina kisukari au natumia dawa za presha.

Anayechoma insulini asiiache kabisa hata kama hali chakula. Apime sukari kila saa chache na awasiliane na daktari wake. Metfomini (dawa ya kisukari), dawa za kuongeza mkojo na baadhi ya dawa za presha zinaweza kuumiza figo zilizokauka, na mara nyingi husimamishwa kwa muda. Mpango huo uandikwe na daktari wako kabla ya safari. Usibuni ukiwa kitandani.

## Kujikinga

Maji nisiyoyaamini niyafanyeje?

Yachemshe hadi yatokote kwa nguvu dakika 1. Juu ya mita 2,000, dakika 3, kwa sababu huko maji hutokota kwa joto la chini. Klorini huua bakteria na virusi lakini haiui kimelea kiitwacho kriptosporidia. Vichujio vya mkononi huzuia bakteria na vimelea, ila vingi hupitisha virusi. Kwa hiyo chujio na klorini kwa pamoja ni bora kuliko kimoja. Maji yenye tope yachujwe kwa kitambaa kwanza, la sivyo klorini huishia kwenye uchafu.

Barafu ni maji: kugandisha hakuui, na kileo ndani ya glasi hakiisafishi. Maji ya kupigia mswaki na ya kuchanganyia ORS yahesabiwe pia.

Chakula gani ni salama zaidi?

Kilichopikwa sasa hivi na kinachotoa mvuke. Joto ndilo linalolinda, kuliko sura ya mahali. Chakula kilichokaa kati ya nyuzi 5 na 60 zaidi ya saa 2 ni cha kuacha, hata kikiwa kwenye meza ya hoteli ya kifahari. Tunda unalomenya mwenyewe ni salama. Saladi iliyooshwa kwa maji ya bomba si salama. Nawa kwa sabuni kabla ya kula. Kitakasa mikono chenye alkoholi asilimia 60 husaidia, lakini ni dhaifu dhidi ya virusi vya noro.

## Hali zisizo za kawaida

Nimekula samaki, uso umekuwa mwekundu na moyo unadunda.

Ikianza ndani ya saa moja baada ya jodari au samaki wa jamii ya vibua, kuna uwezekano mkubwa ni histamini, kemikali inayoleta dalili kama za mzio, iliyojijenga ndani ya samaki ambaye hakuwekwa kwenye baridi. Kupika hakuiondoi. Dawa za mzio husaidia, na dalili huisha ndani ya siku moja au mbili. Kupumua kwa shida au kuvimba midomo ni dharura, iwe histamini au mzio halisi.

Tofauti nayo ni siguatera, sumu ya samaki wakubwa wa miamba ya matumbawe kama mzia, chewa na mkunga. Baada ya kuhara huja ganzi midomoni, na vitu baridi huhisi kama vinaunguza. Inaweza kudumu wiki au miezi, na pombe au samaki wengine vinaweza kuirudisha. Hakuna namna ya kumpika samaki huyo akawa salama.

Tunalala chumba kimoja na mgonjwa anayetapika.

Chukulia ni virusi vya noro. Matapishi yafunikwe kwa karatasi na kuondolewa kwa glavu, kisha sehemu ipanguswe na klorini ya kufulia ya asilimia 5, mililita 20 kwa lita 1 ya maji, na iachwe dakika 5. Taulo zitengwe. Mgonjwa asiwaandalie wengine chakula hadi saa 48 zipite tangu dalili ya mwisho, na muda huohuo ndio wa kusubiri kabla ya kupanda ndege, kwa heshima ya watakaokaa naye.

Natumia vidonge vya uzazi wa mpango.

Ukitapika ndani ya saa 3 baada ya kumeza, meza kingine. Kuhara kukali kwa zaidi ya saa 24 kunahesabiwa kama kusahau vidonge: endelea kuvimeza, na tumia kondomu hadi siku 7 baada ya kupona.

Nimerudi nyumbani na tumbo bado halijatulia.

Baada ya siku 14, peleka sampuli za choo, ikiwezekana tatu za siku tofauti, kwa kuwa giadia haitoki kila siku na kipimo kimoja huikosa. Gesi yenye harufu kali, kujaa tumbo na kupungua uzito huielekea hiyo. Kama ulimeza antibayotiki safarini, mwambie daktari, maana kuna bakteria mmoja anayestawi baada ya dawa hizo na ana kipimo chake. Vipimo vyote vikiwa safi, acha maziwa kwa wiki kadhaa uone. Wengine hubaki na utumbo mwepesi wa kukasirika kwa miezi. Ni jambo halisi, lina matibabu, na usikubali kuambiwa ni mawazo tu.

Homa yoyote ndani ya mwaka mmoja baada ya kutoka eneo la malaria, taja safari hiyo kwanza unapoingia kwa daktari.